Mpiga Picha Asiyewasha Taa

Mpiga picha wa kwanza alikuwa na taa nyingi kuliko viti. Nyingine zilisimama juu ya miguu mitatu kama korongo, nyingine zilining'inia darini, na zote, kwa jinsi Mwalimu alivyoziona, zilikuwa zinamtazama yeye.

"Kaa hapo kwenye stuli, bibi harusi," mpiga picha alisema. Alikuwa kijana mnene mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, na kila neno alilitoa kama mtangazaji wa mpira. "Kidevu juu, mabega chini. Cheka kidogo. Usicheke sana, bwana harusi asije akadhani umeshinda bahati nasibu."

"Kwani hajashinda?" Shangazi yake bwana harusi alidakia kutoka kwenye kochi. "Mwanangu yule si bahati nasibu? Fundi wa friji, hanywi, hagombani, hakoromi."

"Hilo la kukoroma umelijuaje, mama?"

"Nimemlea mimi! Alikuwa analala kama friji iliyozimwa."

Wakacheka. Mwalimu naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kucheka. Viganja vyake vilikuwa vimelowa, akavipangusa taratibu kwenye sketi, Shangazi asione.

"Sasa nikuonyeshe kitu ambacho hakuna mwingine anacho mji huu," kijana alisema, akichezea kidude mkononi. "Hizi mbili zinapokezana. Huyu pa, yule pa, pa, pa, pa! Tangu unaingia ukumbini mpaka unafika jukwaani, giza hulioni. Tayari?"

Hakungoja jibu. Taa ya kwanza ikapasuka, ya pili ikaipokea. Kabla ya mmweko wa tatu Mwalimu alikuwa ameshasimama, kiganja kimegandamiza jicho moja, uso ameugeuzia ukutani, na stuli imelala chali.

"He! Bibi harusi!" kijana alicheka. "Hapa siyo kwa daktari wa macho. Haya basi, tusomee herufi ya chini kabisa."

"Taa zako kali," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Shangazi, twende. Huyu sikumpenda."

Shangazi aliokota stuli, akaisimamisha, akaipigapiga kama mtu anayemtuliza mtoto wa mwenzake. Lakini macho yake yalibaki kwenye kile kiganja kilichoziba nusu ya uso.

Mwalimu alikuwa na kifafa.

Kazini kwake hakuna aliyejua. Alifundisha watoto wadogo kuhesabu na kufunga kamba za viatu. Watoto walimwita Mwalimu, wazazi wao wakafuata, kisha mtaa mzima, mpaka mchumba wake naye akasahau kutumia jina lingine. Ugonjwa ulimwanza akiwa msichana wa sekondari, ndani ya ukumbi wa mitihani, chini ya taa ndefu ya darini iliyoharibika ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Kuanguka kwenyewe hakukumbuki. Anachokumbuka ni kuamka: ulimi unauma, sketi imelowa, na pande zote duara la viatu vya wenzake, vimesimama mbali. Kati ya viatu na yeye palikuwa na sakafu tupu. Mtu mmoja alikuwa anapiga kelele, "Msimguse! Msimguse!" Ile sakafu tupu ndiyo aliyokuwa anaiota mpaka leo.

Daktari alimweleza vizuri. Ni umeme wa ubongo unaovurugika, siyo laana, na hauambukizi. Dawa asubuhi na jioni, usingizi wa kutosha, na ajiepushe na taa za kumwekamweka. Zikimkuta, azibe jicho moja kabisa kwa kiganja na ageuke. Kufumba macho hakutoshi, mwanga hupita kwenye kope. Mwalimu alishika kila neno, na dawa zikamshika yeye. Alikuwa na muda mrefu sana hajaanguka.

Ila kulikuwa na mchumba wa kwanza. Mama yake Mwalimu, kwa moyo mweupe, aliwaeleza wazee wa yule mchumba siku ya kujitambulisha. Walisikiliza kwa adabu, wakamaliza chai, wakaaga. Hawakurudi, na hata salamu zao zilikatika. Tangu hapo mama aligeuza msimamo wake kama mtu anayegeuza godoro.

"Siri ya nyumba haianikwi kambani," alimwambia binti yake. "Ukishaolewa, ukishazaa, ndipo useme. Mtu hamrudishi mama wa watoto wake kama anavyorudisha redio dukani."

Halafu akaja Baridi. Walimwita hivyo kwa kazi yake ya friji, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuja shuleni kutengeneza friji ya jikoni, watoto wakamzunguka, akawaeleza kwa nini friji inaunguruma kama vile anaeleza wahandisi wenzake. Mwalimu alimpenda papo hapo, bisibisi ikiwa bado mkononi mwake. Mara nyingi alitaka kumwambia. Alikuwa anaanza, "Baridi, kuna jambo," naye anageuka na kutega sikio kwa ule utulivu wake, na maneno yanarudi tumboni.

Sasa harusi ilikuwa inakaribia, na mambo yalikuwa mawili tu. Akianguka mbele ya ukumbi mzima, duara la viatu litarudi, safari hii likiwa na ndugu wote wa Baridi ndani yake. Akisema kabla, huenda ukumbi wenyewe usiwepo. Katikati ya hayo alikuwa ameona kichochoro kimoja chembamba: kumpata mpiga picha asiyewasha taa.

Tatizo lilikuwa Shangazi. Katika familia ya Baridi, mambo yote ya picha alikabidhiwa yeye, na hakukabidhiwa kwa upendeleo. Siku ya harusi yake mwenyewe, mpiga picha alikuja na taa mbovu. Picha zote zilitoka nyeusi.

"Mume wangu alionekana meno tu," aliwasimulia watu, na watu walicheka, naye aliwaacha wacheke. Kisha aliongeza, "Alipofariki, picha yake niliyobaki nayo ni ya kitambulisho. Hapo hata meno hakutoa." Hapo kicheko kilikuwa kinazima chenyewe. "Kwa hiyo msiniambie habari za bei wala sura. Mwanga! Mwanga ndiyo picha."

Mpiga picha wa pili alikuwa mzee mwembamba, mwenye maringo, aliyeitwa Dirisha kwa kuwa hakupiga picha mbali na dirisha. Mwalimu ndiye aliyemtafuta. Chumba chake kilinuka gundi na vumbi la makaratasi, na hakikuwa na taa yoyote isipokuwa balbu moja ya darini, nayo ilikuwa imezimwa. Mwalimu alipoingia mabega yake yalishuka yenyewe. Alikaa karibu na kioo, mchana ukamwangukia shavuni kimyakimya, bila kumshtukiza.

"Taa ni uchawi wa wavivu," mzee Dirisha alisema, akiwafungulia albamu.

"Na giza ni uchawi wa nani?" Shangazi aliuliza. Alivaa miwani, akasogeza albamu, akaisogeza tena. "Huyu bwana harusi sikio lake la pili liko wapi?"

"Lipo. Limepumzika kivulini."

"Mpaka lini?"

"Mama, hiyo ni sanaa."

"Baba, hilo ni sikio. Mama yake alimzaa nalo."

Mwalimu alijikaza. "Mimi nimempenda huyu, Shangazi. Picha zake zimetulia."

"Zimetulia kama maiti. Na harusi ni ya jioni, ndani ya ukumbi. Utalisimamisha jua lako wapi?"

"Tunaweza kufanya mchana. Nje, uani."

"Kadi zimeshagawiwa, mwanangu! Unataka tuwapigie watu simu tuwaambie bibi harusi anaogopa balbu?"

Alisema kwa mzaha, lakini Mwalimu aligeuzia uso dirishani. Mzee Dirisha akataka kuokoa kazi yake. "Ukumbini msiwe na wasiwasi," alisema haraka. "Huko naenda na mwanangu, yeye anashika taa. Kubwa hiyo! Inamulika mpaka jikoni." Kwa maneno hayo kile kichochoro chembamba kikazibwa matofali, na Mwalimu akainuka.

Njiani walipita mbele ya duka la vioo, na hapo Shangazi akasimama.

"Mwanangu, nikuulize. Ni nani hatakiwi kuuona uso wako?"

"Sijaelewa, Shangazi."

"Umeelewa. Kule kwa yule wa kwanza ulijiziba nusu ya uso. Huku unatafuta wa kukupiga gizani. Mimi nimeishi. Mtu anayeikimbia kamera, kuna jicho analolikimbia." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Kuna mwanamume mahali fulani atakayeiona picha hiyo aseme, 'Huyu si wangu?' Niambie sasa hivi, mimi na wewe, kabla sijamwambia Baridi."

Mwalimu alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza aliuona ule uongo wake kwa upande wa pili, jinsi unavyoonekana na mtu aliyesimama nje yake. Ulikuwa umevaa nguo za aibu kubwa kuliko ile aliyokuwa anaificha. Angeweza kuapa. Lakini kiapo kingefuatiwa na swali, na swali hilo hakuwa na jibu lake.

"Hakuna mtu," alisema.

Kilichomponza ni kuchelewa. Neno lilikuja baada ya kimya, na kimya kilikuwa kimeshamjibia.

"Haya," Shangazi alisema, akarekebisha mtandio wake kichwani. "Nimekusikia."

Usiku ule Mwalimu hakulala sawasawa, na asubuhi mkono wake wa kulia uliruka wenyewe, kikombe kikaenda kugonga ukuta. Mama yake alikuja na tambara bila kuuliza. Wote wawili walijua maana yake. Mikono huanza kuruka hivyo usingizi unapopungua, kama mbwa anayebweka kabla mgeni hajafika mlangoni.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Basi utapita salama. Ukiona taa, fumba macho."

"Mwanga unapita kwenye kope, mama. Daktari alisema."

"Daktari hakuwahi kurudishiwa binti!" Mama alikamua tambara kama analinyonga. Kisha akakaa chini, palepale penye maji, akalegea. "Nisamehe. Mimi nataka uwe na kwako tu."

Mwalimu alimshika bega. Hakuwa na hasira naye. Alikuwa na hofu, na hofu ilikuwa imejaza nafasi yote.

Simu ya Baridi ilikuja wakati watoto wanatoka shuleni. "Shangazi amepata mpiga picha mwingine," alisema. "Anataka na mimi niwepo." Akanyamaza. Katika kimya hicho Mwalimu alisikia kwamba Shangazi ameshasema.

Studio ya tatu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na ngazi yake ya chuma iliitikia kila hatua kwa mlio. Mpiga picha alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mwepesi wa kutabasamu. Alikuwa ameshaandaa kila kitu: pazia jeupe lililoteremka kutoka ukutani mpaka sakafuni, stuli katikati, taa mbili pembeni zenye miavuli myeupe. Shangazi alikaa karibu na mlango. Baridi alisimama dirishani akiwa bado na nguo za kazi, na Mwalimu alipoingia alimtazama namna anavyoitazama friji iliyogoma wakati waya zote ni nzima.

"Karibu, bibi harusi," mpiga picha alisema. "Leo ni majaribio tu. Kaa, nione sura yako inavyopokea mwanga."

"Mimi leo sijisikii vizuri," Mwalimu alisema. "Labda kesho."

"Mnaona?" Shangazi alisema.

"Shangazi, subiri kidogo," Baridi akasema. Akaja mpaka mbele ya Mwalimu. "Nimeambiwa jambo, sitaki kulizungusha. Kuna mtu?"

"Hakuna."

"Nitazame uniambie."

Alimtazama. "Hakuna mtu, Baridi. Hajawahi kuwepo."

Baridi alishusha pumzi. Alimwamini, na hilo lilionekana wazi usoni mwake. Kuaminiwa hivyo kulimuuma Mwalimu kuliko kushukiwa. "Basi yaishe," Baridi alisema. "Kaa upigwe picha mbele ya Shangazi, tuondoke zetu. Kosa lako ni nini? Hakuna."

Lilikuwa ombi dogo, hata mtoto wa darasani kwake angelitimiza. Mwalimu akakaa. Mpiga picha alisogeza mwavuli mmoja, akarudi nyuma, akainua kamera.

"Mimi huwa napiga mfululizo," alisema kwa upole. "Nyingi, haraka haraka, kisha tunachagua. Usishtuke."

Mwalimu alipiga hesabu ya roho yake. Dawa alikuwa amemeza. Usingizi hakuwa nao. Mkono ulikuwa umeruka asubuhi. Huenda lisitokee lolote. Huenda akapita, aje apite tena siku ya harusi, na siku ya kila harusi ya kila ndugu, kiganja tayari, moyo mdomoni, mpaka uzee. Alitazama sakafu mbele yake. Aliona pembe ya meza ya chuma ambayo kichwa chake kingeigonga. Akaona mahali ambapo viatu vya Baridi vingekuwa. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kuanguka hakumtishi kama hili lingine: kwamba Baridi ajulishwe na sakafu jambo ambalo yeye Mwalimu alipaswa kumwambia kwa kinywa chake.

Taa zilianza kutoa mlio mwembamba, zikijaa umeme.

"Usibonyeze!" alisema. Ilitoka kwa nguvu kiasi cha kumfanya mpiga picha akaribie kuangusha kamera. "Tafadhali. Zima kwanza." Akamgeukia Baridi, kwa sababu kama maneno yatatoka, yatoke yakimtazama yeye. "Nina kifafa. Taa za namna hii zinaweza kuniangusha. Ndiyo maana nilijiziba uso kule. Sina mtu. Nina kifafa."

Hakuna aliyejongea, isipokuwa Shangazi, aliyeivuta miguu yake yote miwili chini ya kiti, kama pale chini maji yamemwagika. Lilikuwa tendo dogo, pengine hata yeye hakujua amelifanya. Mwalimu aliliona. Sakafu tupu ilikuwa imeanza.

"Tangu lini?" Baridi aliuliza.

"Tangu shule."

"Na mimi ulitaka nijue lini?"

"Mama alisema tukishaoana..."

"Sikumuuliza mama. Nimekuuliza wewe."

"Kila siku," Mwalimu alisema. "Kila siku nilitaka ujue siku hiyo, na kila siku niliogopa."

Baridi alitikisa kichwa polepole, siyo kwa kukataa wala kukubali. Kisha akatoka. Ngazi ya chuma ikaanza kulia, hatua kwa hatua, kushuka. Mwalimu alizifuata hatua hizo kwa masikio, pumzi ameibana. Aliisikia ya mwisho. Akasikia bawaba za mlango wa chini. Halafu hakusikia kitu.

Mpiga picha alichomoa waya za taa ukutani, moja baada ya nyingine, akasimama pembeni, mikono imefumbatwa, kama mtu aliyejikuta katika ugomvi wa nyumba ya watu.

"Ugonjwa huo unaambukiza?" Shangazi aliuliza.

"Hapana, Shangazi. Hauambukizi."

"Na watoto?"

"Daktari anasema wengi wanazaa watoto wazima. Hakuniahidi. Alisema nisibebe mimba bila kwenda kumwona kwanza, kwa sababu ya dawa."

"Na mamako alikuwa anajua, akakaa na sisi, akacheka na sisi."

"Alikuwa anajua."

"Mimi sifichi," Shangazi alisema, akiinuka na kuchukua mkoba. Sauti yake ilitetemeka, na Mwalimu akatambua kwa mshangao kwamba hata yeye anaogopa. "Kaka yangu ndiye baba wa yule kijana. Leo hii nitamwambia. Asije akasema nilijua nikanyamaza."

"Mwambie, Shangazi. Mimi nimechoka kuficha."

Shangazi alikuwa ameshashika kitasa ngazi ilipolia tena. Ilikuwa inapanda. Baridi aliingia akampita Shangazi, akasimama mbele ya stuli, jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Nilifika mpaka mlangoni," alisema. "Sitakudanganya. Niliufungua."

"Nilisikia."

"Nimeogopa, Mwalimu."

"Hata mimi naogopa."

"Ulipaswa kuniambia."

"Nilipaswa."

Baridi alijifuta uso kwa mkono wa shati, akamgeukia mpiga picha, na aliposema sauti yake ilikuwa ya kazi, ile anayoitumia kwa wateja. "Unaweza kupiga harusi nzima bila hizi taa?"

Mwanamke yule alifikiri, hakukimbilia kujibu. "Zipo taa zinazowaka moja kwa moja, hazimweki. Naweza kuzikodi. Picha hazitang'aa kama hizi. Zitakuwa na chengachenga kidogo, na wanaocheza wataonekana kama moshi. Nisiwadanganye."

"Na wageni? Kila mtu ana simu siku hizi, na kila simu ina taa."

"Mshereheshaji atatangaza mlangoni. Hata mimi nitawakumbusha."

"Taa za muziki za ukumbini nitazikata mwenyewe," Baridi alisema. "Hiyo ni kazi ya bisibisi moja."

Shangazi alitoa mguno. "Yaani tena giza," alisema, bila kumlenga mtu. "Yaani katika ukoo huu tumeandikiwa giza." Hakuna aliyecheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje, mmoja ndani.

Mwalimu alikuwa bado anangoja. Walikuwa wanazungumzia harusi kana kwamba ipo, naye hakuthubutu kuliamini hilo, kama mtu anayekanyaga daraja asilojua ubao upi umeoza. Baridi alichuchumaa mbele ya stuli, macho yao yakawa sawa.

"Ukianguka," aliuliza, "mimi nifanye nini?"

Katika maisha yake yote hakuna aliyemuuliza swali hilo. "Usinishike kwa nguvu. Niache mwili umalize kutetemeka. Usinitie kitu mdomoni, hata kijiko, hata wakikuambia nitajing'ata. Ondoa vitu vya kunigonga. Mwili ukilegea, nigeuze ubavu nipate kupumua. Tazama saa. Zikipita dakika tano mwili haujatulia, au ukianza tena kabla sijazinduka, ita gari la wagonjwa."

"Halafu?"

"Halafu usiende mbali. Nikiamka nikuone karibu. Basi."

Baridi alirudia yote, neno kwa neno, akihesabu kwa vidole, akakosea mahali pa kijiko, akarudia tena. Kisha akasema, "Mimi kitu cha kusikia tu sikishiki. Hata friji sikufundishwa kwa maneno. Lala nione."

"Hapa?"

"Hapa. Dada, tunaruhusiwa?"

"Laleni tu," mpiga picha alisema, akisogeza stuli na ile meza ya chuma kwa pamoja. "Pazia nitalifua."

Mwalimu alilala juu ya pazia jeupe, sketi yake nzuri na yote. Kutoka chini, chumba kilikuwa kirefu sana. Taa zilikuwa zimesimama pembeni na miavuli yake, zimezimwa, na bado hakupenda kuzitazama. Alivitafuta viatu, kwa mazoea ya ile ndoto. Alivikuta vya Baridi, vyenye mafuta na vumbi la kazini, mwenyewe amepiga magoti karibu kabisa na mbavu zake.

Akamshika bega na nyonga, akamgeuza. Ilienda vibaya. Mkono wa Mwalimu ulibanwa chini ya mwili, na kichwa kikagonga sakafu, ko.

"Kichwa hicho!" Shangazi alifoka kutoka mlangoni. "Unageuza mtu au gunia la mkaa? Weka kitu chini!" Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu, alikuja kwa hatua za hasira, akavua mtandio, akaukunja mara mbili, akauingiza chini ya kichwa cha Mwalimu. Vidole vyake vilimgusa sikio, vikasita, vikamalizia kukunjua ncha ya kitambaa. Kisha akarudi mlangoni upesi. "Na kwa kaka yangu naenda palepale," alisema. "Msidhani nimesahau."

"Tutaenda wote, Shangazi," Baridi alisema. "Nitasema mimi."

"Na akikataa?"

Baridi aliusawazisha mtandio chini ya kichwa cha Mwalimu. Kisha akaurudisha mkono wake begani kwake. Hakuna kati yao aliyejua baba huyo atasema nini, wala ndugu, wala ukumbi. Hofu ilikuwa bado ipo palepale, nzima, haijapungua hata kipande. Ila sasa ilikuwa imelala sakafuni na watu wawili.

"Tena," Baridi alisema. "Na safari hii usinisaidie. Naona unajigeuza mwenyewe. Siku ukianguka kweli hutaweza kunisaidia. Uwe mzito."

Mwalimu akafumba macho, akauachia mwili wake wote, akawa mzito.